Mali Chakavu: Kompyuta za Zamani na Watu Wanaozifufua Majumbani

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi na majengo ya kale. Sisi wa wilaya ya Kilwa tuna sababu zaidi ya kufikiri hivyo, kwa kuwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni majirani zetu. Hata mtoto wa Njinjo, ambako ni bara, katika njia ya kutoka Nangurukuru kwenda Liwale, huyajua majina hayo kabla hajamaliza shule ya msingi. Lakini mtoto huyo huyo akiona mashine kuukuu iliyotupwa nyuma ya ofisi, huona chuma tu, cha kuuzwa kwa kilo.

Nakusudia katika makala hii kueleza habari za urithi wa chuma hicho, na hasa za kompyuta zilizotengenezwa katika miaka ya 1960 na 1970, zile ziitwazo minikompyuta. Nitaeleza pia habari za watu ambao huzitafuta, huzinunua kwa bei ya takataka, kisha huzifufua katika vyumba na mabanda ya nyumba zao. Msomaji ataniuliza: mchezo huu wa Wamarekani na Waingereza watuhusu nini sisi? Watuhusu, kwa sababu kompyuta si mgeni wa jana katika nchi yetu. Ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Muungano.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wataalamu wa lugha walitubunia neno tarakilishi, nalo ni neno zuri la kuandikia mashairi, lakini ofisini na sokoni watu walikwisha kuchagua kompyuta, nami nitafuata sokoni. Minikompyuta basi ni kompyuta ndogo; walakini udogo wake ni wa kulinganisha. Hadi kufikia mwaka 1965, kompyuta za kawaida zilijaza chumba kizima, zilihitaji jopo la mafundi na mitambo ya kupozea hewa, na bei yake ilikuwa mamia ya maelfu ya dola na hata mamilioni. Mwezi Machi mwaka huo kampuni ya Digital Equipment Corporation, iliyoanzishwa mwaka 1957 na Ken Olsen na Harlan Anderson ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufi huko Maynard, Massachusetts, ilitoa mashine iliyoitwa PDP-8. Ukubwa wake ulikuwa kama friji ndogo ya nyumbani, na bei yake dola 18,000. Kwa mara ya kwanza maabara moja ya chuo, au karakana moja ya kiwanda, iliweza kuwa na kompyuta yake yenyewe. Mashine za ukoo wa PDP-8 zilizouzwa zilipita 50,000. Ndugu yake PDP-11, iliyotoka mwaka 1970, iliuzwa kwa wingi zaidi.

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno moja la kishairi. Kompyuta hizi hufanya kazi kwa alama mbili tu, moja na sifuri, na alama hizo hupangwa kwa mafungu ya idadi maalumu ambayo mafundi huyaita maneno. Neno la PDP-8 lina alama 12. Neno la PDP-11 lina alama 16. Mtunzi wa Kiswahili akisikia 16 hutabasamu, kwani mstari wa shairi letu la kawaida una mizani 16, minane na minane. Sidai kwamba wahandisi wa Maynard walipata kusoma ushairi wetu. Nasema tu kwamba mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mizani hana sababu ya kuliogopa somo hili.

Sasa turudi nyumbani. Mashine ile ya 1965 iliyowekwa katika Wizara ya Fedha iliitwa ICT 1500. Jina hilo lilikuwa la kampuni ya Kiingereza, lakini mashine yenyewe iliundwa na kampuni ya RCA ya Marekani, ambayo kwao iliiita RCA 301. Waingereza waliinunua na kuibandika jina lao, kama vile khanga ichapwavyo ng'ambo ikauzwa kwa jina la mwenye duka wa pwani. Haikuwa minikompyuta, ilikuwa mashine kubwa ya hesabu. Kazi ya mashine za namna hiyo ilitegemea makarani waliotoboa kadi za karatasi tundu kwa tundu. Wengi wa makarani hao, karibu kila mahali duniani, walikuwa wanawake, na majina yao hayamo katika vitabu vya historia. Nilipoanza kazi ya ofisi katika miaka ya 1990, orodha zilikuwa bado zikitufikia katika karatasi ndefu zilizokunjwa kama mkeka wa msikitini, zenye matundu pembeni. Sisi vijana tulizitumia za zamani kufungia vitafunio.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Wako wanaolicheka jambo hilo leo. Mimi silicheki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwishoni mwa 1973, fedha za kigeni zilikuwa haba, na jaribio la kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mashine halikuwa limeleta faida iliyotarajiwa, huku utaalamu ukiwa mikononi mwa wageni. Nchi maskini iliyouliza kama ingeweza kungoja haikuuliza swali la kipumbavu. Hata hivyo yafaa tuone matokeo. Muongo uliofuata ndio hasa ambao minikompyuta zilienea katika vyuo, hospitali na viwanda vya dunia, na kwetu mlango ulikuwa umerudishwa. Marufuku ililegea kadiri miaka ya 1980 ilivyosonga, na wakati huo kompyuta za mezani zilikwisha kufika. Kwa hiyo kizazi kizima cha mashine kilitupita pembeni. Penye vingi, kupotea kwa kimoja si msiba mkubwa. Sisi tulikuwa na vichache, na kila kimoja kilichokuwapo kina thamani mara nyingi zaidi kwa historia yetu.

Yapo mambo mengine mawili ya mwaka huo wa 1974 yanayoigusa Kilwa. Ndio mwaka gesi ilipogunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, ambayo tangu 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme, umeme ambao leo unaendesha kompyuta za ofisi zile zile. Na ndio mwaka kilipochapishwa kitabu kikubwa cha Neville Chittick juu ya uchimbuzi wake wa Kilwa. Katika mwaka mmoja mawe yetu yaliandikiwa kitabu, na mashine zikafungiwa mlango.

Nimekwisha kusema kwamba minikompyuta hufufuliwa majumbani. Yapasa nieleze sababu. Kwanza, zilitengenezwa kwa maelfu, na zilipozeeka ziliuzwa kama chuma. Pili, PDP-8 ya kwanza haikuwa na vile vidude vidogo vyeusi ambavyo ndani yake mna maelfu ya sehemu zisizoonekana. Iliundwa kwa kadi ndogo ndogo zenye transista na dayodi za kuonekana kwa macho. Sehemu moja ikifa, hung'olewa ikatiwa nyingine kwa chuma cha moto na risasi, kama afanyavyo fundi wa redio chini ya mwembe. Tatu, kampuni ilikuwa ikitoa michoro kamili ya saketi pamoja na mashine. Siku hizi mtu hununua chombo asiruhusiwe hata kukifungua. Zamani zile muuzaji alikukabidhi ramani ya kila waya.

Jinsi ya kuifufua ni somo la subira. Anayepata mashine iliyolala miaka thelathini haruhusiwi kuichomeka katika umeme. Huanza kwa kufagia. Panya hupenda joto la makabati hayo. Nyigu wa udongo hujenga humo. Na sponji zilizowekwa kuchuja vumbi hugeuka kuwa unga unaonata na kushuka juu ya kadi. Kisha kadi zote hutolewa, zikaandikwa mahali pake, na miguu yake ya shaba ikasafishwa. Halafu huja zamu ya sehemu inayopokea na kugawa umeme, ambayo ndiyo yenye hatari. Ndani yake mna kapasita kubwa mithili ya kopo la maziwa, na kapasita iliyokaa muda mrefu bila kazi, ikipewa umeme wote kwa ghafla, yaweza kupasuka. Basi fundi hutumia transfoma inayorekebishika, akaongeza volti kidogo kidogo kwa saa nyingi, hali mashine ingali tupu. Umeme ukithibitika kuwa sawa, ndipo kadi hurudishwa, chache kwa wakati, na fundi hufuatilia mwendo wake kwa oskiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme juu ya kioo. Kazi hii yaweza kuchukua miaka.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni kumbukumbu. Katika PDP-8 kumbukumbu haikuwa kitu cha fumbo: ni wavu wa nyaya nyembamba zilizopitishwa ndani ya pete ndogo za sumaku, pete moja kwa kila alama. Mashine ya kawaida ilikuwa na maneno 4,096 ya alama 12, maana yake pete 49,152. Nyavu hizo zilifumwa kwa mikono, aghalabu mikono ya wanawake, kwanza Marekani na baadaye pia katika nchi za mashariki ya Asia. Mama wa Kilwa anayesuka ukili, au binti anayetunga shanga, angeielewa kazi hiyo kwa kutazama tu. Na pete zile zina sifa ambayo kumbukumbu ya kazi ya kompyuta za leo haina: umeme ukikatika, hushika usumaku wake. Jambo la mwisho lililoandikwa humo kabla swichi haijazimwa linaweza kuwamo bado. Lakini kusoma pete ni kuifuta. Mashine husoma, kisha papo hapo huandika upya kilichokuwamo. Kama saketi ya kuandika imeharibika, jaribio la kwanza la kusoma ndilo litakalopoteza kilichohifadhiwa. Ndiyo maana mtu mwenye pupa huharibu katika dakika moja kilichodumu tangu 1970.

Ikiisha kupona, mashine huamshwa kwa mkono. Mbele yake kuna safu ya swichi 12. Juu ni moja, chini ni sifuri. Mwendeshaji huingiza maagizo mafupi kumi na kadhaa, neno kwa neno, yanayoifundisha mashine namna ya kusoma ukanda wa karatasi wenye matundu. Ukanda hupita katika mashine ya chapa iitwayo Teletype kwa mwendo wa herufi 10 kwa sekunde, kwa kelele za kuamsha jirani. Programu ikisha kuingia, taa ndogo za mbele huanza kumeta. Wanaofanya mambo haya hawapati fedha. Wengi ni mafundi wastaafu na vijana wenye udadisi, nao hukopeshana vipuri na kutumiana nakala za michoro.

Mfano mmoja wafaa kuelezwa kwa sababu uko karibu na historia yetu. Kampuni ile ile ya ICT, ambayo jina lake lilibandikwa juu ya mashine ya Hazina yetu, ilikuwa na mashine yake nyingine iliyoitwa ICT 1301. Moja ilipelekwa Chuo Kikuu cha London mwaka 1962, ikatumiwa kwa hesabu na matokeo ya mitihani. Ilipostaafu haikuyeyushwa. Ilinunuliwa na wanafunzi, kisha baada ya miaka ikaishia katika banda la shamba katika jimbo la Kent, nayo ina uzito wa tani kadhaa. Huko kikundi cha watu wa kujitolea kiliifufua hata ikatembea tena, na mwaka 2013 ilihamishiwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Kompyuta huko Bletchley. Wenyewe huiita Flossie, kama mtu aitavyo ng'ombe wake. Waingereza waliweza kuisikia tena sauti ya mashine ya 1962 kwa sababu walikuwapo watu wachache waliokubali kero ya kuiweka ndani ya banda.

Wala utajiri peke yake haulindi kitu. Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, alifungua huko Seattle mwaka 2012 jumba lenye kompyuta za zamani zilizokuwa zikifanya kazi, na wageni waliruhusiwa kuzigusa. Alifariki mwaka 2018. Jumba lilifungwa 2020, na mwaka 2024 ilitangazwa kuwa halitafunguliwa tena, na baadhi ya vitu vyake vikauzwa kwa mnada. Banda la Kent lilikuwa maskini, lakini lilikuwa na watu wengi wenye ufunguo.

Kuna wanaodhani kuwa kuhifadhi kitu nyumbani si kuhifadhi, mpaka Serikali ikichukue. Historia ya Kilwa yenyewe inawakanusha. Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizihifadhi nyumbani hadi 1979, ndipo akazipeleka zitambuliwe. Tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Hadi leo wataalamu wanabishana jinsi zilivyofika huko. Ubishi wenyewe usingekuwapo kama yule askari angezitupa kwa kuwa hazinunui kitu dukani.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na ikaacha nafasi ya kuvitangaza vingine kuwa vya kulindwa. Mwaka huo wa 1863 unafaa kwa sarafu na vyungu. Kwa kompyuta ni mpaka usio na maana, kwani hakuna kompyuta ya elektroniki iliyozaliwa kabla yake. Kwa hiyo mashine ya ofisi huishi chini ya sheria nyingine kabisa, ile ya leja. Mtumishi yeyote wa umma aijua njia yake: hununuliwa, huandikwa, hutumika, huharibika, hukaguliwa na kamati, hutangazwa kuwa mali chakavu, hufutwa, huuzwa kwa mnada. Ni utaratibu mwema, unaozuia wizi. Lakini leja ina safu ya bei, ya tarehe na ya idadi. Safu ya historia haina. Kamati inapokaa mbele ya mashine ya kwanza ya aina yake kufika mkoani, huiona sawasawa na kiti kilichovunjika mguu. Maoni yangu ni kwamba fomu ile iongezwe swali moja: je, kitu hiki ni cha kwanza, au ni cha mwisho kilichobaki? Kama jibu ni ndiyo, Makumbusho ya Taifa yaandikiwe barua kabla ya mnada. Yamekwisha kutunza magari ya viongozi. Mashine iliyolipa mishahara ya waliowalea viongozi haina hadhi ya chini kuliko gari.

Kuhusu shule, sihitaji kuwaambia walimu kwamba somo la historia hupendeza zaidi likiwa na kitu cha kushika. Shule ya wilaya ya Kilwa haitapata PDP-8 leo wala kesho. Lakini Bob Supnik, aliyekuwa mhandisi wa Digital, alianza mwaka 1993 kutunga programu iitwayo SIMH, inayoifanya kompyuta ya kawaida ijifanye kuwa PDP-8 au PDP-11. Hutolewa bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta moja ya shule aweza kuingiza maagizo ya 1965 na kuyaona yakitenda kazi. Atakosa kelele za Teletype na harufu ya vumbi lenye joto, lakini atajua maneno ya alama 12 yanavyosomwa.

Lililo letu zaidi ni watu. Karani aliyetoboa kadi akiwa na miaka 20 mwaka 1965 amezaliwa 1945 au karibu na hapo. Wanafunzi watumwe kwa babu na bibi zao waliostaafu kutoka Hazina, bandarini, benki na reli, wawaulize kwa adabu: mashine iliitwaje? Ilikaa chumba gani? Nani aliruhusiwa kuingia? Kadi ikikosewa ilifanywaje? Umeme ukikatika mlifanya nini? Majibu yaandikwe kwa maneno yao wenyewe, hata wakisema mashini badala ya mashine, na jina la mtaa na mwaka visisahauliwe.

Na ikiwa katika kuuliza huko itaonekana mashine yenyewe katika stoo fulani, isiwashwe, isioshwe kwa maji, na isifunguliwe kwa ajili ya kutoa shaba. Iinuliwe kutoka sakafuni ili mchwa na unyevu visiifikie, na ifunikwe kwa kitambaa, si kwa nailoni, maana hewa ya pwani ina chumvi na nailoni huifungia jasho. Inakiliwe namba iliyogongwa nyuma yake, jina la mtengenezaji, na herufi za Serikali zilizopakwa rangi ubavuni, kwani hizo ndizo zinazosema ilitoka ofisi gani. Kisha vitafutwe vitabu vyake vya michoro. Vitabu hivyo huwa vimewekwa kabati jingine, katika chumba kingine, na aghalabu kabati hilo ndilo linalouzwa kwanza.